Vibuyu Vikitazama Upepo

"Dada, wewe ndiye uko karibu."

Kwa maneno hayo wadogo zangu wawili wamenitwisha kila kitu cha wazazi wetu tangu wahame, mmoja Dar es Salaam, mwingine Mwanza. Bati likiezuliwa, mimi niko karibu. Mama akishikwa na mgongo, mimi niko karibu. Mbuzi wa jirani akiingia kwenye mtama, nipigiwe simu mimi, kwa sababu kutoka Ipagala ninapokaa hadi kijijini kwetu, mbele kidogo ya Buigiri, ni pua na mdomo ukiwa umekaa Mwanza unaangalia ramani. Hakuna anayefikiria vumbi. Hakuna anayefikiria kwamba mtu akishinda wiki nzima masijala akibeba mafaili ya watu, Ijumaa jioni anataka kuzima simu na kulala kama gogo. Nimechoka, na siku hizi nasema wazi kwamba nimechoka, ingawa kusema hakujanisaidia lolote.

Mwaka jana, mwezi wa saba, upepo ulipokuwa umekwisha kuchachamaa, ujumbe ukaingia kwenye kundi letu la wasapu. Aliandika yule wa Mwanza. "Dada, hiyo bunduki ya mzee itatuletea msiba. Nenda kaichukue Jumamosi." Yule wa Dar akaongeza, "Usibishane naye, dada. Chukua tu, mambo yaishe." Chukua tu! Kama vile ni mwiko wa ugali.

Bunduki yenyewe ni ya mtutu mmoja, ya risasi za marisawa, zile zinazotawanya chembe ndogondogo. Baba aliirithi kwa baba yake mkubwa pamoja na karatasi zake zote, na kila mwaka alikuwa anavaa koti na kwenda polisi kuhuisha leseni. Hakuwahi kuitumia kwa fujo. Aliitumia kwa kazi moja tu, njiwa mwitu. Kwetu alizeti ikishavunwa, punje nyingi zinabaki chini, na njiwa wanashuka kutoka kwenye majabali ya mlimani kuzifuata, wakubwa, wa kijivu, wenye madoa meupe mabegani. Wakizimaliza hizo wanahamia kwenye mtama wa watu uliolazwa uwanjani. Baba alikuwa anawapunguza, na sisi tulikuwa tunawala kwa ugali wa uwele. Nimekua kwa nyama hiyo.

Lakini baba alikuwa amepatwa na presha ya macho. Daktari mjini alitueleza mimi na yeye tukiwa tumekaa pamoja, kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, dawa ya matone inalinda kilichobaki tu. Baba aliikubali dawa, habari akaikataa. Alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na pembeni kote ni ukungu. Nyumbani ungeweza kukaa naye siku nzima usijue, kwa sababu kila kitu alikijua kwa mguu na kwa mkono. Siku moja tu nilimkuta uani amesimama wima, analisalimia kwa heshima zote shati lake mwenyewe lililoanikwa kwenye kamba. "Mbukwenyi," anasema, anangoja. "Mbukwenyi." Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikalia jikoni mama asinione.

Wiki ile ya ujumbe alikuwa amelipua dumu la maji la jirani, lililosahauliwa pembeni mwa shamba, akidhani ni sungura. Jirani alilichukulia kama mzaha. Mama hakucheka. Mama ndiye aliyewapigia wanawe, na wanawe wakanitafuta mimi, niliye karibu.

Basi nikaenda. Basi lilisimama Buigiri kuwapisha watoto wasioona wa shule ya pale wavuke barabara, wameshikana mabega, fimbo nyeupe mbele, wanaongea na kuchekana kama watoto wowote. Niliwatazama mpaka wakafika ng'ambo. Nikajiambia, leo namwambia baba kabla hata sijanywa chai. Nikapanda pikipiki hadi nyumbani, mtandio nimejifunga hadi puani, na bado nilifika natema mchanga.

Mama alikuwa anapepeta mtama, akiugeuzia upepo mgongo.

"Umeifuata?" akaniuliza hata kabla sijamaliza shikamoo.

"Nimeifuata, mama. Umeshamdokeza?"

"Thubutu! Nimeishi na mzee yule miaka arobaini, na bado nataka kuishi naye. Mwambie wewe."

Baba alitoka ndani aliposikia sauti yangu. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza na nimebeba jina la marehemu mama yake, kwa hiyo tangu nizaliwe ananiita mama. Nilimwamkia. Akaitikia, akaniwekea mkono kichwani, na mkono ule ukatafuta kichwa kidogo kabla ya kukipata.

"Mama, umekuja siku yenyewe hasa," akasema. "Upepo kama huu njiwa hawezi kukaa juu, lazima ashuke. Nimekosa wa kukaa naye. Mama yako anasema miguu inamuuma, jirani ananiogopa kwa sababu ya dumu lake bovu. Twende tukae wawili, kama zamani."

Hapo ndipo ilikuwa niseme. Maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga njia nzima. Baba alikuwa ameshavaa kofia. Uso wake ulikuwa umechangamka kama wa mtu anayekwenda harusini, na mimi nikaona aibu, nikaona huruma, nikaona uvivu pia, maana ugomvi unataka nguvu na mimi nguvu sikuwa nazo.

"Haya, baba," nikasema. Nikajiambia nitamwambia akishamwangusha njiwa mmoja, ili amalizie vizuri.

Mama alinitazama, akatikisa kichwa, akaendelea kupepeta.

Sasa nieleze kazi yetu hiyo ilivyokuwa, kwa sababu nyumba nyingine hazina utaratibu huu. Baba alikuwa na vibuyu saba vidogo, vya ukubwa wa ngumi mbili, alivyovipaka uji mzito uliochanganywa na majivu mpaka vikawa na rangi ya njiwa. Kila kibuyu kilitobolewa tumbo na kuchomekwa kwenye kijiti. Shingo ya kibuyu ndiyo kichwa. Tuliviita wageni. "Kawapange wageni," baba alikuwa anasema, na kazi hiyo nilianza nikiwa na miaka minane.

Na siku ya kwanza niliharibu. Niliwapanga wageni wametazamana, duara zuri, kama watu wanaopiga soga. Njiwa wakaja, wakazunguka mara moja juu yetu, wakaondoka zao. Baba alitoka kwenye kificho akiwa amekunja uso, akanipeleka hadi kwenye vibuyu. "Umewahi kumwona njiwa anakula huku upepo unamfunua manyoya kwa nyuma?" akaniuliza. "Hata kuku wa mama yako hafanyi hivyo. Njiwa anautazama upepo. Anatua akiutazama, anakula akiutazama. Ukiwapanga vibaya, wenzao huko juu wanajua ni uongo." Sikurudia kosa hilo tena, na mpaka leo nikimwona kuku ameupa upepo mgongo namtilia shaka.

Jumamosi ile baba aliwapanga mwenyewe. Alisimama katikati ya shamba, akageuza kichwa polepole huku na huku mpaka upepo ukampiga masikio yote mawili sawasawa. Akajua mbele ni wapi. Akapiga magoti, akachomeka kijiti, akakishika kibuyu shingoni na kukigeuza kuelekea upepo. Akahesabu hatua nne, akapiga magoti tena. Saba wote, bila kukosea hata mmoja. Mimi nilisimama na kikapu, sikusaidia chochote. Mtu mwenye macho yake mawili asingewapanga vizuri kuliko vile.

Kificho kilikuwa cha mabua ya mtama, kiasi cha hatua thelathini kutoka kwa vibuyu, na upepo ulikuwa unatupiga kwa nyuma. Ndani tulikaa bega kwa bega kwenye gunia. Desturi yetu ni kwamba mpigaji hatazami. Anainamisha kichwa, kofia imemfunika, kwa sababu njiwa huuona weupe wa macho ya mtu kabla hajaiona bunduki. Anayekaa naye ndiye anayechungulia kupitia mabua, na ndiye anayeita. Vibuyu tunavihesabu kutoka kushoto. Njiwa anakuja kinyume cha upepo, anapunguza mwendo, anafika juu ya wageni na kuning'inia pale hewani karibu kusimama, halafu anashusha miguu. Hapo ndipo anayechungulia anasema, "Miguu, wa tatu," yaani amefika juu ya kibuyu cha tatu na miguu iko chini. Mpigaji anainuka na kupiga. Kabla ya miguu hapigi, na hakuna anayetoka kuokota mpaka kazi iishe, kwa sababu ukisimama shambani mara moja tu, njiwa hawarudi mpaka jua la mchana.

Mnaona basi jinsi desturi yenyewe ilivyomsitiri. Siku zote baba alikuwa anapiga kwa macho ya mwingine. Zamani alikuwa akiinuka anaona mwenyewe kilichobaki. Siku hizi alikuwa anainuka na kuona ukungu wenye tundu katikati.

Wa kwanza alikuja peke yake, akipigana na upepo, anapanda anashuka. Nilimwona mapema. Moyo ulinidunda kama nina miaka minane.

"Anakuja," nikanong'ona. "Bado. Bado. Miguu, wa tatu."

Baba aliinuka, mtutu ukaenda moja kwa moja juu ya kibuyu cha tatu, akapiga. Njiwa akaanguka kama jiwe, manyoya yakapeperuka kuelekea mlimani.

"Kaanguka?"

"Kaanguka, baba!"

"Eheee!" Akanipiga bega. "Unaona? Mzee bado yupo. Waambie hao wanao wa Mwanza na Dar." Wadogo zangu anawaita wanangu anapotaka kunitania, kwa kuwa niliwabeba mgongoni wote wawili.

Nilikuwa nimejiahidi kusema baada ya njiwa mmoja. Nikafungua kinywa. Baba alikuwa anapapasa mfukoni kutafuta risasi nyingine, anacheka peke yake. Nikafunga kinywa. Nikasema wa pili, basi.

Wa pili alikosa. Nilimwita vizuri, juu ya kibuyu cha sita, lakini njiwa aliyumba na upepo na baba akapiga palipokuwa patupu. Ndege akakunja bawa, huyoo, akaenda zake.

"Kaanguka?"

Sijui ni nini kilinipata. Nilichoka kuwa mtu wa kuleta habari mbaya katika familia ile. Daktari akisema, ni mimi ninayewaeleza. Mama akishikwa na mgongo, ni mimi ninayewaeleza. Kwa mara moja nilitaka kuwa mtu anayeleta habari njema.

"Kaanguka," nikasema.

"Upepo huu huu?" Baba alishangaa mwenyewe. "Loo! Mkono haujasahau."

Wa tatu akakosa, nikasema kaanguka. Mara ya nne hata hakumkaribia njiwa, kwa sababu baba alichelewa kupiga, ndege akawa ameshageuka, na chembe zote zikaishia kwenye kibuyu cha tano. Kipande cha kibuyu kikaruka, kijiti kikalala. Niliona wazi kabisa. Nikasema kaanguka. Mara ya tano hivyo hivyo. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitakavyojinasua. Nitasema mwewe amewabeba. Nitasema mbwa wa jirani. Niliwaza hata kwenda kwa jirani kununua njiwa wake wa kufugwa wanne na kuwanyonga, mtu mzima mimi, mtumishi wa serikali. Huko ndiko uongo unakompeleka mtu aliyechoka.

Baba alikuwa ananihadithia habari za baba yake mkubwa, jinsi alivyokuwa anawaangusha wawili kwa risasi moja. Sauti yake ilikuwa ya zamani. Upepo ulizidi, mabua yakawa yanapiga kelele, vumbi likawa linapita katikati yetu na vibuyu kama pazia. Kichwa kilianza kuniuma.

Simu ikatikisika mfukoni. Nikaitoa. Wa Mwanza: "Umeshaichukua?" Kabla sijajibu, wa Dar: "Dada mbona kimya? Au umelainika?" Nikakasirika kweli. Mmekaa huko na feni zenu, nikawaza, mimi niko hapa nakula vumbi, mnaniuliza kama nimelainika! Nikaanza kuandika. Nilitaka kuwaandikia maneno ambayo wangeyakumbuka. Kidole kinapiga herufi, vumbi linafunika kioo, nafuta kwa mtandio, naandika tena.

"Mama," baba akanong'ona. "Kuna kitu. Kinatua. Wa tano?"

Sikuinua kichwa.

"Wa tano, baba," nikasema.

"Miguu?"

"Miguu."

Nilisikia nyundo ya bunduki ikivutwa. Mlio ule mdogo ndio ulionirudisha. Kibuyu cha tano kilikuwa kimelala chini, tena kwa risasi ya baba mwenyewe. Hakuna njiwa anayetua kwenye kibuyu kilicholala. Nikachungulia.

Mama alikuwa ameinama pale. Ameweka chupa ya uji chini, amemwona mgeni ameanguka, na kwa kuwa naye ni mtu wa kazi ile ile, ameinama kumsimamisha na kumgeuza autazame upepo. Desturi anaijua, mtu huja kutoka nyuma ya kificho na anaita. Baadaye alituambia aliita sana kutoka nyuma, kelele za mabua zikameza sauti, akadhani tumemsikia. Kanga yake ya kijivu ilikuwa imejaa hewa, imefunuka pande zote mbili.

"Baba, mama!" nikapiga kelele, na mimi mwenyewe ndiye ambaye baba humwita mama. Nilimrukia mkono. Mtutu ulipanda, risasi ikalia, masikio yakaziba.

Mama akaanguka.

Nilitoka kificho kizima kikianguka nyuma yangu, nikakimbia hatua zile thelathini ambazo mpaka leo nazikimbia nikilala mchana. Sikusikia hata miguu yangu. Nilipofika, mama alikuwa amekaa kitako kwenye mavumbi, kibuyu mkononi, macho yamemtoka.

"Umeumia wapi? Mama! Umeumia wapi?"

"Ananiwinda," mama akasema polepole. "Mzee yule. Ananiwinda mimi." Halafu akaanza kucheka, nikampapasa kichwa, shingo, mgongo, mikono. Hakuna damu. Nikakumbatia kichwa chake kifuani nikalia kwa sauti, sikujali. Yeye ndiye aliyeinua ncha ya kanga na kuitazama kwenye mwanga. Matundu matatu madogo, yamekaa karibu karibu.

Baba alikuwa anakuja. Hakujua anakwenda wapi hasa, mkono mmoja mbele, bunduki kwenye mkono mwingine, anauliza, "Nani? Nani huyo? Jamani semeni, nani?"

"Ni mimi, baba watoto," mama akasema. "Niko mzima. Kaa chini, utaanguka."

Akakaa pale pale alipokuwa. Tukakaa wote watatu katikati ya vibuyu, upepo unatupiga. Mama akafungua chupa, akamimina uji kwenye kifuniko, akampa baba mkononi. Baba akashika bila kunywa.

"Ulisema miguu," akaniambia.

"Nilikuwa sitazami, baba. Nilikuwa naandika kwenye simu."

"Ulisema wa tano."

"Wewe ulitaja wa tano, mimi nikaitikia tu. Nisamehe, baba."

Akafikiri. Uji ulikuwa unapata mchanga kwenye kifuniko.

"Wangapi wameanguka leo?"

Mama alikuwa ameshaangalia shamba lote.

"Mmoja, baba. Yule wa kwanza."

Hakugomba. Ningependa angegomba. Akaikunja bunduki katikati, akatoa ganda la risasi, akapapasa mifuko yote miwili na kutoa risasi zilizobaki, akazipanga juu ya gunia tulilokuwa tumelikalia, ambalo nilikuwa nimetoka nalo bila kujua na sasa lilikuwa limelala chini kati yetu.

"Hii ndiyo uliyoifuata?"

"Ndiyo, baba."

"Ungeniomba asubuhi ningekupa," akasema. "Najua sioni. Unadhani sijui? Mimi nilikuwa nakungoja wewe uniambie, kwa sababu wewe ndiye huniambia."

Jumatatu niliomba ruhusa kazini, nikaenda naye polisi. Alivaa koti lake. Askari alikuwa kijana mstaarabu, akamwamkia, akamuuliza kama anaisalimisha silaha kwa hiari yake. Baba akageukia upande niliosimama. "Muulize huyu," akasema. Nikajibu kwamba ni hiari yake. Akatia dole gumba kwenye karatasi, yeye aliyekuwa anatia saini kwa madaha miaka yote. Nilipowaandikia wadogo zangu, wote wawili walileta vidole gumba na moyo mwekundu. "Safi sana dada," wa Mwanza akaandika, "tulijua wewe utaweza." Sikuwaeleza lolote kuhusu kanga ya mama. Mpaka leo hawajui, na mama naye kanyamaza.

Nilidhani hiyo ndiyo ingekuwa hasara yenyewe, bunduki. Kumbe.

Siku chache baada ya hapo nilimpigia simu kumwambia bei ya alizeti kiwandani imepanda. Akasema, "Haya," halafu nikamsikia anamwita mama, "Hebu mpigie jirani, muulize kama ni kweli." Nilimletea matone ya macho, nikamwambia daktari amebadilisha, sasa ni mara mbili kwa siku. Akampa mama chupa, amsomee karatasi. Mama akasoma, "Mara mbili." Ndipo akainua uso adondoshewe. Nikimwambia nje kuna mawingu, anatoka mwenyewe kunusa. Hanuni, hanigombezi, bado ananiita mama, bado ananiwekea mkono kichwani. Ila neno langu peke yake halimtoshi tena, na ni lazima lipite kwa mtu mwingine kwanza.

Mwaka huu upepo umerudi kama kawaida yake. Nilikwenda Jumamosi iliyopita. Baba bado anawapanga wageni, sita sasa, ukingoni mwa shamba karibu na nyumba, bila bunduki wala kificho. Anasema anapenda kusikia wakitua. Nilikaa naye kwenye gogo, bega kwa bega. Vumbi lilipungua kidogo, na nikaona njiwa wanashuka kutoka mlimani, kundi kubwa ambalo sijawahi kuliona tangu utotoni. Wakaning'inia juu ya vibuyu, wakashusha miguu wote kwa pamoja, wakajaa chini mpaka vibuyu vikapotea katikati yao. Upepo ulikuwa unavuma kwa nguvu, baba hakuweza kusikia mabawa.

"Baba," nikamwambia. "Miguu. Wametua, baba, wengi sana. Wamejaa."

Uso alikuwa ameuelekeza shambani. Halafu akaugeuza nyumbani.

"Mama watoto!" akaita. "Hebu njoo uangalie."

Mama alitoka akijifuta mikono kwenye kanga ile ile, yenye viraka vitatu. Akasimama nyuma yetu, akaangalia.

"Wapo," akasema.

"Ahaa," baba akasema, akatabasamu.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye kuliko mama.